Hoja ya Koili: Soketi za Umeme katika Vyuo vya Meru na Embu

Katika mijadala kuhusu mahitaji ya vyuo vikuu nchini Kenya kuna rai moja iliyokubalika kwa urahisi mno, hata watetezi wake hawaoni tena haja ya kuitetea, nayo ni kwamba soketi za umeme, yaani vile vitundu vya ukutani ambamo plagi huchomekwa ili kifaa kipate stima, ni starehe ya mwanafunzi na hazihusiani na masomo yake. Kwa mujibu wa rai hii, chuo kinachoweka soketi chache maktabani na kuziba zile za mabwenini kinatenda kwa busara, kwa kuwa mwanafunzi akipewa umeme ataupikia kwa koili, atapandisha bili, na hatimaye atateketeza jengo. Huongezwa hapo kwamba vizazi vilivyotangulia vilisoma kwa daftari na kalamu vikahitimu, na kwamba anayetaka kutumia kipakatalishi aje nacho kikiwa kimejaa chaji. Makala haya yanashikilia kwamba rai hiyo haina hesabu ndani yake, imesahau historia ya jambo inalolilaumu, na kwamba hatari inayodai kuizuia inatokana kwa sehemu kubwa na uhaba wenyewe inaoutetea.

Eneo linalozungumziwa ni la mashariki na kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, ambako katika muda usiotimiza kizazi kimoja taasisi kadhaa zilipanda na kuwa vyuo vikuu kamili. Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, chenye makao yake makuu Kaaga mjini Meru, kilipata hati yake mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru kando ya barabara ya kwenda Maua, kikapata yake mwaka 2013, mwaka ule ule ambao Chuo Kikuu cha Chuka, kilichopo kati ya Meru na Embu, kilipewa hadhi hiyo. Na Chuo Kikuu cha Embu kikafuata mwaka 2016. Chuo cha Embu kilirithi mahali pa chuo kilichokuwa kikifundisha watumishi wa kilimo, na kile cha Nchiru kilitokana na chuo cha ufundi kilichoanzishwa kwa michango ya Harambee. Taasisi za aina hiyo, popote nchini, zilijengwa kwa makadirio ya wakati wake, kwamba ukumbi wa mihadhara ulihitaji taa za dari, ubao, na pengine soketi moja au mbili karibu na meza ya mhadhiri, kwa kuwa mwanafunzi aliyeketi mbele yake hakuwa na chombo chochote cha kuchomeka. Makadirio hayo yalikuwa sahihi enzi hizo. Kosa lilianza pale yalipoendelea kuwatawala wapangaji hata baada ya kazi ya chuo kubadilika, kiasi kwamba hata jengo jipya la ghorofa kadhaa huweza kuchorwa kwa dhana kwamba umeme ni wa mhadhiri na mwanga ndio wa mwanafunzi.

Mabadiliko yenyewe hayakuletwa na wanafunzi. Machi 2020, serikali ilipofunga taasisi za elimu kwa sababu ya Covid-19, vyuo vilihamishia mafunzo mtandaoni kwa haraka, na milango ilipofunguliwa tena, sehemu kubwa ya kazi ilibaki huko huko. Mwanafunzi wa leo hujisajili kwa kozi kupitia tovuti ya chuo, huomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu mtandaoni, hupakua mihadhara, huandika insha kwa kompyuta na kuituma bila kuichapisha kwenye karatasi, na mara nyingine hufanya hata majaribio ya muhula kwenye skrini. Agosti 2023 serikali ilikwenda mbali zaidi ilipozindua Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ambacho ufundishaji wake wote unategemea mtandao. Chuo kinachodai kazi ifanywe kwa chombo cha umeme kimejifunga kutoa umeme wa kukiendesha chombo hicho, kama vile kilivyojifunga zamani kutoa dawati pale kilipodai mwanafunzi aandike. Anayekubali sharti la kwanza na kulikataa la pili hana budi kueleza tofauti iko wapi, na maelezo hayo hayajapata kutolewa.

Kinachotolewa badala yake ni koili. Koili ni waya uliosokotwa ambao hupata joto kali umeme unapopita ndani yake, na katika mabweni ya Kenya jina hilo hutajwa kwa jiko dogo la umeme na vilevile kwa kile chuma kinachotumbukizwa kwenye ndoo ili kuchemsha maji. Hakuna ubishi kwamba koili zipo, kwamba zimepigwa marufuku karibu kila mahali, na kwamba marufuku hiyo huvunjwa kila jioni. Lakini ni lazima iulizwe zilifikaje. Hadi kuingia miaka ya 1990 mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alilishwa na chuo, tena akapewa posho na serikali, posho ambayo wenyewe waliiita “boom”. Mwaka 1991, chini ya sera ya kugawana gharama iliyofuatana na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, posho iliondolewa na chakula kikawekwa katika utaratibu wa kila mmoja kulipia sahani yake. Aliyeona hawezi kulipia sahani tatu kwa siku alinunua unga na sukuma wiki, akatafuta moto wa kupikia, na moto uliokuwa karibu ulikuwa ule wa ukutani. Koili iliingia bwenini kama jibu la mtu mwenye njaa kwa uamuzi wa kifedha. Vyuo vya Meru na Embu, ambavyo vilipata hati zao miaka mingi baada ya mageuzi hayo, havikupata kuwa na ule utaratibu wa zamani wa kulisha wote, ila marufuku vilirithi, pamoja na imani kwamba anayepika chumbani ni mkorofi tu. Mtu anaweza kuwa na rai yake kuhusu sera ile ya 1991, lakini haelekei kuwa na haki ya kuchukua matokeo yake katika chakula na kuyageuza kuwa hoja dhidi ya kusoma.

Hata suala la kupika likiachwa kando, hoja ya koili huporomoka pale inapowekewa tarakimu, na inashangaza jinsi tarakimu hizo zinavyoepukwa katika taasisi zinazofundisha fizikia. Wati ni kipimo cha kasi ambayo kifaa hutumia umeme, na uniti, ile inayonunuliwa kwa tokeni, ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Koili ya wati 1,500 ikiwashwa saa moja hula uniti moja na nusu. Betri ya kipakatalishi cha kawaida hubeba takribani sehemu ya ishirini ya uniti, na hata ukijumlisha kinachopotea kama joto ndani ya chaja, kuijaza kutoka patupu hakuhitaji zaidi ya uniti 0.065, na simu huhitaji karibu theluthi moja ya kiasi hicho. Kwa maneno mengine, saa moja ya koili ingetosha kujaza vipakatalishi zaidi ya 20, au simu zaidi ya 60. Uniti ikikadiriwa kugharimu shilingi 30, kipakatalishi kimoja hujazwa kwa takribani shilingi mbili na simu kwa pungufu ya shilingi moja, na chuo chenye wanafunzi 1,000 ambao kila mmoja anajaza kompyuta yake mara moja kwa siku hakitatumia shilingi 2,000 kwa siku hiyo. Wakati huo huo kibanda cha kuchajia simu nje ya lango hutoza shilingi 10 au 20 kwa simu moja, yaani mwanafunzi asiye na umeme hulipia umeme ule ule mara kumi na zaidi ya bei yake. Anayesema kwamba soketi zitafilisi chuo amechukua gharama ya joto akaipachika kwenye kuchaji, vitu viwili ambavyo havina uhusiano ila kwamba vyote hutumia plagi.

Upo pia utetezi kwamba umeme wenyewe ni haba nchini, hivyo ni uungwana kuubana. Utetezi huu una sauti ya ajabu ukitolewa Embu. Kusini mwa kaunti hiyo, katika nchi kavu ya Mbeere, Mto Tana umezuiwa mara tano kwa mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mfululizo ambao ulianza kuzalisha umeme Kindaruma mwaka 1968 na ambao kwa miongo mingi ulikuwa uti wa mgongo wa stima ya Kenya. Kituo cha Gitaru peke yake kina uwezo wa megawati 225, kikiwa ndicho kikubwa zaidi nchini kati ya vile vinavyoendeshwa kwa maji. Vipakatalishi 10,000, kila kimoja kikivuta wati 65 kwa wakati mmoja, vingehitaji kilowati 650, ambazo hazitimizi hata megawati moja. Ni kweli kwamba maji ya Tana hupungua, na ukame wa 1999 na 2000 uliwafundisha Wakenya maana ya mgao wa umeme. Lakini mwanafunzi anayechaji saa nne asubuhi hayuko katika foleni ya saa za jioni ambapo majumba yote nchini huwasha taa na televisheni kwa pamoja na mitambo hulemewa. Inafaa isemwe hapa kwamba makala haya hayaungi mkono ile kauli ya majukwaani kwamba watu wa Embu wapewe stima bure kwa sababu mabwawa yako kwao. Malalamiko ya Mbeere kuhusu ardhi iliyofunikwa na maji na nyaya zinazopita juu ya vijiji visivyo na taa ni mazito na yana historia yake, na kuyachanganya na soketi za chuo ni kuyapunguzia uzito.

Hoja iliyobaki katika kundi hili, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni ya usalama. Ili kuijibu ni lazima ieleweke jinsi soketi zinavyounganishwa. Kenya ilirithi kutoka Uingereza ile plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani yake, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1947, pamoja na mtindo wa kuunganisha soketi kwa mduara, yaani waya hutoka kwenye kisanduku cha swichi kuu, hupita katika soketi moja baada ya nyingine, kisha hurudi pale ulipoanzia, na mduara wote hulindwa na swichi inayojikata yenyewe pindi mkondo unapozidi ampea 32. Kwa volti 240, mduara mmoja wa namna hiyo hubeba wati 7,680, ambazo ni sawa na vipakatalishi 118 vya wati 65. Fundi mwangalifu akigawanya kwa mbili ili kuacha nafasi ya dharura, bado hubaki 59, idadi ambayo hutosha ukumbi mzuri wa kusomea. Kinachofaa kuzingatiwa zaidi ni kwamba mzigo wa saketi hutokana na vifaa vilivyochomekwa, na idadi ya soketi peke yake haiongezi hata wati moja. Soketi 40 zenye simu 40 ni mzigo mwepesi kuliko soketi moja yenye birika.

Sasa itazamwe hali inayotokea pale soketi zinapokuwa chache. Wanafunzi kumi wanaohitaji umeme hawaondoki kwa sababu soketi ni moja. Huleta ekstensheni, ile kamba yenye vitundu vinne au sita kichwani, kisha ekstensheni ya pili huchomekwa kwenye ya kwanza, na ya tatu kwenye ya pili. Kamba hizi mara nyingi ni za bei rahisi, waya wake ni mwembamba kuliko unavyoandikwa kwenye lebo, na zinapokunjwa chini ya godoro au kupitishwa chini ya mlango joto lake hukosa pa kutokea. Mzigo wote hukusanyika kwenye kitundu kimoja cha ukutani, ambacho bamba zake za ndani, zile zinazobana pini za plagi, zimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa mchana kutwa. Na bamba zikilegea, mguso huwa hafifu, mguso hafifu huzaa cheche na joto, plastiki hubadilika rangi ikawa kahawia, kisha harufu ile inayojulikana na kila aliyewahi kuishi bwenini ikasikika. Fyuzi ya plagi ingeweza kuokoa mambo, ila fyuzi ikiungua mara nyingi hubadilishwa kwa uzi wa waya, kwa kuwa fyuzi ya pili haipo na karatasi ya mtihani wa kesho asubuhi ipo. Hakuna hatua hata moja katika mlolongo huu inayohitaji soketi nyingi. Kila moja inahitaji soketi chache, na hapo ndipo utetezi wa usalama unapowageukia wanaoutoa.

Hofu ya moto mabwenini ina sababu nchini Kenya, na asiyeitambua hajui nchi hii. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, na tangu hapo neno “bweni” na neno “moto” hayajatengana katika fikra za wazazi. Lakini moto wa Kyanguli uliwashwa kwa petroli na mikono ya watu, na kilichogeuza uhalifu huo kuwa maangamizi kilikuwa mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Funzo lake ni milango inayofunguka na madirisha yanayopitika. Msimamizi anayeziba soketi za bweni kwa simenti huku akiacha mlango wa nyuma umefungwa kwa kufuli ameshughulikia sehemu ile ya hofu ambayo ni rahisi kushughulikia.

Zaidi ya hayo, njia ya kuzuia koili bila kuzuia kusoma ipo, na fundi yeyote mwenye leseni ya umeme anaijua. Saketi ya soketi za kusomea inaweza kulindwa kwa swichi ndogo ya ampea sita badala ya 32. Swichi hiyo huruhusu wati 1,440, zinazotosha vipakatalishi 22 kwa pamoja, lakini mtu akiongeza juu yake birika la wati 2,200 umeme utakatika muda mfupi baadaye na wenzake 22 watajua ni nani aliyewakatia, jambo ambalo lina nguvu ya nidhamu kuliko tangazo lolote la mlezi wa wanafunzi. Kikiongezwa kile kifaa kinachohisi umeme unaovuja kuelekea ardhini au mwilini mwa mtu na kukata mkondo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, bweni huwa salama kuliko nyumba nyingi za walimu wanaolihofia. Upikaji nao ungetafutiwa mahali pake, yaani jiko la pamoja lenye saketi yake nzito na mita yake ya tokeni, ambamo kila kikundi hulipia kinachopika. Ukaguzi wa ghafla wa vyumba, unaoishia kwa rundo la koili katika ofisi ya msimamizi, haujawahi kumaliza koili popote, na wauzaji wake mjini wanafahamu hivyo.

Rai kwamba mwanafunzi aje na chombo kilichojaa inahitaji kujibiwa kwa sababu husemwa na watu wenye nia njema. Wanaoisema humfikiria mwanafunzi mwenye kompyuta mpya anayelala katika nyumba yenye umeme wa uhakika. Wanafunzi wengi wa Nchiru na wa Embu hupanga vyumba nje ya chuo, kwenye majengo ya watu binafsi yaliyoota kando ya barabara na kuzunguka maeneo kama Kangaru kule Embu, ambako wengine hutumia mita moja ya tokeni kwa vyumba vingi, na tokeni zinapoisha usiku wa manane hakuna anayekubali kuwa ni zamu yake kununua. Kompyuta wanazomiliki aghalabu ni zile zilizotumika ng’ambo na kuuzwa tena Nairobi, na betri za lithiamu kwa kawaida hupoteza takribani moja ya tano ya uwezo wake baada ya kujazwa na kuishiwa mara 300 hadi 500, kiwango ambacho chombo cha mkono wa pili huwa kimekipita kabla hakijafika Meru. Chombo kama hicho hudumu saa moja, pengine mbili. Ratiba ya masomo huanza asubuhi na huweza kumalizika jioni, na kati ya kipindi kimoja na kingine mwanafunzi hawezi kurudi chumbani na kungoja chaji. Benki ya umeme, yaani ile betri ya mfukoni inayouzwa kama suluhisho, nayo hujazwa kwenye soketi, na zile za bei ya mwanafunzi huchaji simu tu. Ushauri wa kuja ukiwa umejaa hauondoi hitaji la soketi. Huliondoa chuoni na kulipeleka kwa mwenye nyumba, na anayelipia uhamisho huo ni yule mwenye kompyuta mbovu kuliko wote.

Linaloambatana na hilo, ingawa hutajwa kwa nadra, ni suala la usiku. Maktaba yenye soketi katika kuta nne tu na meza nyingi katikati huwa na hali moja inayotambulika mara moja, kwamba viti vya ukutani hujaa mapema na vya katikati hubaki wazi, hata chuo kikaonekana kina nafasi nyingi za kusomea kuliko kilizonazo kwa kweli. Anayekosa ukuta husubiri, na anayesubiri hutoka maktabani saa tatu au saa nne usiku. Kwa mwanamke mwenye safari ya miguu hadi chumba cha kupanga, kusubiri huko kuna bei ambayo haimo katika bili ya Kenya Power, na wengi huamua kutoilipa, wakaondoka jua linapotua kazi ikiwa nusu.

Kuhusu vizazi vilivyotangulia, jibu ni fupi. Vizazi hivyo havikusoma bila vifaa. Vilisoma kwa vifaa vya wakati wao, na vifaa hivyo vilitolewa na chuo, kuanzia vitabu vya maktaba na taa za usiku hadi chakula chenyewe. Profesa anayejisifu kwamba hakuhitaji soketi alihitimu pale kazi yake ilipopokewa ikiwa imeandikwa kwa mkono. Angejaribu kuwasilisha leo tasnifu ya namna hiyo, ofisi yake mwenyewe ingeirudisha.

Wengine, wakikubali yote hayo, husema kwamba soketi ni bure katika nchi ambayo umeme wenyewe hukatika, na hutaja mwaka 2023, ambapo nchi nzima iliingia gizani mwezi Agosti, tena Novemba, tena Desemba. Kukatika kwa umeme ni sababu ya kuwa na soketi nyingi zaidi, kwa kuwa saa chache za stima lazima ziwafikie watu wengi kwa pamoja ili waweke akiba katika betri. Wale wanaotaka mambo yaanzie kwenye paneli za jua wana mfano mzuri wa kuutazama katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, ambacho tangu mwaka 2014 kina mtambo wa paneli wa kilowati 600 juu ya mapaa yake, na Meru, iliyo karibu na ikweta, haina upungufu wa jua. Hata hivyo umeme wa jua nao hufika kwa mwanafunzi kupitia tundu la ukutani.

Hoja ya fedha za ujenzi nayo inastahili heshima. Vyuo vya umma vina madeni, mgao wa serikali haujawahi kulingana na idadi ya wanafunzi wanaopelekwa, na mabadiliko ya mfumo wa ufadhili yaliyotangazwa mwaka 2023 yameingia mahakamani na kuwaacha wahasibu bila uhakika. Lakini mtu huzungumza kana kwamba kila soketi inahitaji kuvunja ukuta. Katika jengo lililokwisha jengwa, nyaya hupitishwa ndani ya mifereji ya plastiki inayobandikwa juu ya plasta, kazi ya siku chache kwa chumba, na kwa meza za katikati hushushwa kutoka darini au kupitishwa sakafuni chini ya kifuniko kigumu. Kinachokula fedha ni kuchelewa, maana jengo linapokuwa bado mchoro soketi za ziada ni mistari michache kwenye karatasi, na likishapakwa rangi huwa zabuni.

Isitoshe, sehemu ya kwanza ya upungufu haihitaji soketi mpya hata moja. Inahitaji zile zilizopo zifanye kazi. Katika orodha za mali, soketi iliyoungua na soketi nzima huhesabiwa sawa, kwa kuwa mhesabuji huhesabu vibao vya ukutani na hachomeki kitu; ndivyo mpango wa maendeleo unavyoweza kuonyesha chumba chenye soketi nane ambamo wanafunzi wote wamezungukia mbili. Soketi mbovu isiyoondolewa ina madhara kuliko ukuta mtupu, kwa sababu humhadaa mpangaji, na kwa sababu mwanafunzi aliyekata tamaa huisukuma plagi kwa nguvu, huitegemeza kwa kitabu ili iguse, na hatimaye kuiua kabisa. Kisha husemwa kwamba wanafunzi huharibu mali. Wapo wanaoharibu, lakini bamba za soketi moja inayotumiwa na watu mia kwa siku zitalegea hata kama wote mia ni watu wa adabu, na uharibifu unaotokana na matumizi ya kupindukia huponywa kwa kuyagawa matumizi hayo.

Kazi ya kuzipima ni ndogo. Kifaa cha kupimia, kinachochomekwa na kuonyesha kwa taa tatu kama nyaya zimeunganishwa sawasawa, hakigharimu fedha nyingi. Meru kuna taasisi ya kitaifa ya ufundi ambayo wanafunzi wake wa umeme hutafuta kila mwaka nafasi za mafunzo kazini, nao wanaweza, chini ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, kupita jengo baada ya jengo, kupima, kuandika namba kwenye kila soketi, na kubadilisha bamba au kibao pale inapohitajika, huku namba hizo zikibandikwa mlangoni pamoja na tarehe ya mwisho ya kupimwa. Ratiba nzuri ingekuwa wiki mbili kabla ya mitihani ya kila muhula, wakati ambapo maktaba hujaa kuliko siku zote na wakati ambapo, kwa desturi iliyopo, fundi huitwa kuja kuondoa soketi badala ya kuzitengeneza.